Caledon, 1968: nyumba ilipokuwa kura

Kwa miaka kadhaa nilikuwa afisa wa ugawaji wa nyumba za umma katika ofisi ambayo sitaitaja, na kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kimemo: kikaratasi kilichokunjwa mara mbili, hakina tarehe wala muhuri, kimebanwa kwa pini juu ya fomu ya mwombaji, kikisema tu kwamba huyu ni mtu wetu, asaidiwe. Nikiulizwa leo namna ya kukizuia, sianzi na maadili ya watumishi. Ninaanza na kijiji cha Caledon, kaunti ya Tyrone, Ireland ya Kaskazini.

Mwezi Juni 1968, nyumba mpya ya halmashauri kijijini hapo ilipangishwa kwa msichana wa Kiprotestanti mwenye umri wa miaka 19, asiye na mume wala mtoto, aliyekuwa karani wa wakili mwenye uhusiano na chama tawala cha Unionist, chama cha Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza. Nyumba ya jirani ilikuwa na familia ya Kikatoliki yenye watoto wadogo, iliyoingia bila kibali kwa kukosa pa kuishi, nayo ilikuwa imetolewa kwa nguvu siku hizohizo. Austin Currie, mbunge wa upinzani, alilalamika bungeni bila mafanikio. Tarehe 20 Juni yeye na wenzake wawili wakaingia katika nyumba ya msichana yule, wakajifungia ndani mpaka polisi walipowatoa saa chache baadaye.

Kisa hiki husimuliwa kama cha chuki ya madhehebu, na chuki ilikuwepo kweli, lakini sisi wa kazi hii tunapaswa kutazama nyumba yenyewe ilibeba nini. Katika chaguzi za serikali za mitaa za huko wakati ule, kwa kawaida haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji wake mkuu, pamoja na mwenzi wake. Kijana mtu mzima anayeishi kwa wazazi, au familia iliyopanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, hawakuwa nayo. Kuwakabidhi mume na mke funguo za nyumba kulikuwa kukabidhi kura mbili, na diwani ambaye kata yake iliamuliwa kwa kura chache alijua hesabu hiyo vizuri kuliko alivyojua idadi ya watoto wanaolala chumba kimoja. Hata diwani mwema angejaribiwa.

Tume ya uchunguzi wa machafuko yaliyofuata, iliyoongozwa na jaji Lord Cameron, katika ripoti yake ya 1969, ilikataa kwamba msichana yule angeweza kuhesabiwa kuwa mwenye uhitaji wa kwanza. Dawa iliyofuata ilikuwa nzito: mwaka 1971 madaraka ya nyumba yaliondolewa mikononi mwa madiwani na kuwekwa chini ya chombo kimoja, Housing Executive, kinachopanga waombaji kwa alama za uhitaji.

Alama peke yake hazitoshi, kwa sababu afisa anayekwenda kukagua chumba cha mwombaji anaweza bado kuandika anachotaka. Ofisini kwetu tulianza kutuma wakaguzi wawili wawili na kubandika orodha ukutani, jina na alama zake. Vimemo viliendelea kuja. Aliyeleta kimemo nilimpeleka ukumbini, nikamwonyesha jina la mtu wake lilipo, na majina ya waliomtangulia.