"VVU hana, sasa fangasi wa ubongo katoka wapi?"

Wiki hii nimeisikia tena mlangoni mwa wodi. Kaka wa mgonjwa ameshika majibu ya maabara: "Dokta, VVU hana. Huyo fangasi wa ubongo katoka wapi?" Mdogo wake alikuwa ameshakunywa dawa za malaria mara mbili na za taifodi mara moja, na kichwa kinamgonga wiki ya tano.

Jamani. Ukimwi ndio unaomfungulia kriptokoka, huyo fangasi wa ubongo, mlango kwa wagonjwa wengi, sibishi. Lakini yule wa aina ya gattii hangoji kufunguliwa. Anaishi kwenye miti na udongo, unamvuta kwa pumzi, anatulia mapafuni miezi au miaka, kisha anasafiri na damu hadi kichwani. Kisiwani Vancouver, Kanada, alikoanza kuenea mwaka 1999, wengi waliougua hawakuwa na VVU. Tena wapo watu wenye nguvu za kubeba magunia ambao miili yao, bila wao kujua, inatengeneza kingamwili za kuzima ishara inayoziamsha seli za ulinzi. Kipimo cha VVU kitalionaje hilo? Na sisi madaktari tumo: tukisoma "hasi" tunaacha kutafuta, mgonjwa anachelewa.

Wauguzi wangu wamechoka kunisikia, nitasema tena: kichwa kikiuma zaidi ya wiki mbili, na unatapika au unaona vitu viwili viwili, ulizia kipimo cha antijeni ya kriptokoka (vipande vyake kwenye damu) na cha maji ya mgongo. Yule kijana maji yalipanda kwenye bomba la kipimo hadi sentimita 38. Kawaida hayavuki 20. Tulipoyachanganya na wino mweusi chini ya darubini, vikaonekana vijiduara vya fangasi, kila kimoja na pete yake pana nyeupe. Tukapunguza maji. Jioni akaomba uji.

Na haya ndiyo maneno ninayoyasikia kila siku. "Kuchomwa mgongo kunapoozesha." Sindano inaingia chini kabisa kiunoni, uti wa fahamu umeshakomea juu yake.

"Fangasi wa miguuni amepanda kichwani." Yule anakula ngozi na kucha. Kausha vidole vyako.

"Nitanunua kidonge duka la dawa." Flukonazoli moja ya miligramu 150 ni ya fangasi wa ukeni. Kwa wa ubongo tunaanza na amfoterisini B ya mshipa pamoja na flusitosini, halafu flukonazoli ya dozi kubwa kwa miezi.

"Mwenye afya haingiliwi." Mwaka 2012 Marekani, sindano za steroidi za maumivu ya mgongo na viungo zilitoka kwenye duka linalochanganya dawa zikiwa na fangasi. Waliugua zaidi ya 750, wakafa zaidi ya 60. Ukishadungwa fangasi mgongoni, ngozi na mapafu yako vitamzuia wapi?

"Ataambukiza nyumba nzima." Haambukizi kwa kikohozi wala kwa kula sahani moja. Na njiwa, ambao kinyesi chao huwa na kriptokoka, msiwachinje kwa ajili yangu. Lowesheni kinyesi kabla ya kufagia banda, na mfunge pua na mdomo.