Futi haioni bega

Wiki hii nimetumiwa tena. Ujumbe wa simu, mstari mmoja: kifua 102, kiuno 90, bega 46, mkono 62. Halafu chini yake: "Fundi, vipimo vyangu ndivyo hivyo, nikatie koti. Nitalifuata Ijumaa." Nikamjibu aje mwenyewe. Akauliza aje kufanya nini, wakati kila kitu ameshanitumia.

Kaka, hujatuma kila kitu, na hata ungetuma namba sitini zisingetosha. Hizo sitini sizitaji ovyo. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili wenye viwanda wapate saizi za kutegemea. Saizi rasmi zilitangazwa mwaka 1958, na mwaka 1983 zikaondolewa. Wewe unaniletea nne.

Futi, utepe huu wa kupimia, inazunguka mwili, haiuoni. Kifua cha 102 ni mzunguko tu. Hakisemi nyama iko wapi. Kuna mtu mwenye 102 aliyejaa mgongoni, mbele bapa. Kuna mwingine mwenye 102 hiyo hiyo, mgongo mwembamba na kifua kimetangulia. Wape koti moja. Wa kwanza akinyoosha mikono kushika usukani, mshono wa mgongo unavutika hadi uzi unaonekana. Wa pili vifungo vinamvuta mbele, na nyuma limejaa hewa. Namba ni ile ile, na wote wawili watasema fundi hajui kupima.

Bega ndilo linaloniudhi zaidi. Futi inanipa upana wake, mteremko wake hainipi. Wapo wenye mabega yaliyoshuka kama paa, wapo wenye mabega yaliyonyooka kama ubao, na wengi wana bega moja chini kuliko jingine bila wao wenyewe kujua. Hilo linaonekana siku ya kujaribu, nguo ikiwa bado kwenye bandi, yaani mshono wa muda. Kunatokea kunjo moja la mshazari, linaanzia shingoni na kushukia kwapani. Mteja atakuonyesha kwapani, kwa sababu ndipo kunjo linapoishia, na ataomba pale parekebishwe. Ukimsikiliza umeharibu nguo. Mimi nafumua bandi ya bega, nashusha ncha ya nje nusu sentimita, nabana pini. Kunjo linaondoka, na kwapani bado sijagusa kitu. Ndipo nashusha na tundu la mkono kwa kiasi hicho hicho. Nusu sentimita hiyo hakuna futi ambayo ingeniambia.

Halafu kuna lile ombi linalokuja pamoja na namba: "Kwapani niachie nafasi, sitaki kubanwa." Hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Tundu la mkono likichimbwa chini, mkono wa koti unakuwa umeungwa kwenye ubavu. Ukiinua mkono wako, unainua na ubavu wote wa koti. Kola inapanda hadi masikioni, pindo linapanda juu ya mkanda. Tundu likiwa dogo na la juu, karibu na kwapa lako lenyewe, mkono wa koti unageuka palepale kiungo chako kinapogeukia, na koti linatulia. Siku ya kwanza utalihisi. Baada ya hapo utafikia rafu ya juu kabisa na koti halitasogea. Kubwa si huru. Nimelieleza hili mara nyingi kuliko jambo lolote katika kazi yangu, na bado wapo wanaoondoka wakiamini nilibania kitambaa.

Na mkono wenyewe unaingia kwenye tundu dogo kuliko kichwa chake, yaani ukingo wake wa juu unaoungwa begani. Kwenye koti la sufu kichwa cha mkono kinaweza kuzidi tundu kwa sentimita mbili hadi nne. Ziada hiyo inamezwa taratibu kwa sindano na mvuke wa pasi, bila kikunjo hata kimoja. Sufu humeza vizuri. Poliesta hukataa. Kiasi gani hasa niache, kwa kitambaa gani? Vitabu vina majibu, mimi nina mashaka. Nashika kitambaa, nakifinya, nakadiria, na mara nyingine nafumua mara tatu.

Namba zenyewe si za zamani kama watu wanavyodhani. Mfaransa Garsault alipoielezea kazi hii mwaka 1769, fundi alimpima mteja kwa ukanda wa karatasi, akaukata alama: hapa kiuno, hapa kiwiko. Kila mteja na ukanda wake. Futi yenye namba ilienea mwanzoni mwa karne ya 19, ikaja na hesabu zake: chukua kifua, gawanya, pata kina cha tundu la mkono. Hesabu hizo nazitumia kila siku, ndipo ninapoanzia. Lakini zinatoa mwili wa wastani, na mwenye mwili huo bado hajaingia mlangoni kwangu. Hata kupima kwenyewe kunayumba. Nimempima mtu yule yule mara mbili ndani ya nusu saa nikapata tofauti ya sentimita mbili, kwa sababu mara ya pili alijinyoosha akabana pumzi.

Nadhani jina nalo linatuponza. Wafaransa humwita fundi nguo *tailleur*, mkataji. Wajerumani husema *Schneider*, mkataji vilevile. Sisi tumemwita fundi cherehani, kwa chombo kilichofika mwisho kabisa: Mmarekani Howe alipata hataza ya mashine yake ya kushona mwaka 1846, mwenzake Singer 1851, na watu walikuwa wamevaa nguo zilizowakaa kwa karne nyingi. Basi mtu akisikia cherehani anawaza mashine: ingiza namba, toa koti. Wakati mashine inaguswa, koti limeshakuwa zuri au baya, pale kwenye chaki, mkasi na bandi.

Kwa hiyo ukija kwangu, vaa viatu utakavyovaa na nguo hiyo, na shati la ndani lile lile. Toa simu na pochi mfukoni. Simama unavyosimama siku zote, usiinamie futi kusoma namba, maana ukiinama umeshabadilisha mgongo. Na utarudi kujaribu, mara mbili pengine tatu.

Yule wa ujumbe alikuja Jumamosi. Kifua ni 105. Bega la kulia, linalobeba begi la kompyuta kila siku, limeshuka karibu sentimita moja. Koti lake liko kwenye bandi, atalijaribu Jumanne.