Wareno, Waomani na Bahari ya Hindi: yanayosemwa na yaliyokuwa

Habari za dola za baharini kwetu husimuliwa kama foleni: Wareno wakaja, Waomani wakawafukuza, Waingereza wakachukua. Mwenye mizinga mingi akashinda, mwenye michache akaondoka. Masimulizi hayo yanawaacha nje watu wa pwani, maradhi, madeni na pepo za msimu. Ukiyaacha hayo, huwezi kueleza kwa nini dola yoyote ilipanda au ilishuka katika bahari hii.

Dhana: Vasco da Gama alifungua njia ya bahari kwenda India

Alichofungua ni njia ya kuizunguka Afrika kutoka Ulaya. Kutoka Malindi hadi India vyombo vilikuwa vikipita karne nyingi kabla yake, na yeye mwenyewe alivushwa. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, wakatweka Aprili 1498 kusi, upepo wa msimu utokao kusini, likianza kuvuma, na kabla ya wiki nne kutimia walikuwa Calicut. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini. Aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, pepo zikiwa bado tanga mbili, yaani zinageukageuka kati ya misimu, akahangaika baharini kiasi cha miezi mitatu. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi hata wakakosekana watu wa kuendesha meli zote, na Januari 1499 meli yao moja, São Rafael, ikachomwa moto kwenye pwani hii yetu. Bahari ni ileile na meli ni zilezile. Kilichobadilika ni majira.

Rubani huyo, kwa njia, husemwa kuwa alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa Kiarabu. Wanahistoria wengi sasa hawakubali: kumbukumbu za Kireno zinamtaja mtu wa Gujarat, na Ibn Majid wakati ule alikuwa mzee. Heshima yake katika elimu ya bahari inatosha bila kumbebesha safari hiyo.

Dhana: Wareno waliitawala Bahari ya Hindi yote

Walitawala baadhi ya bandari. Mwaka 1505 jemadari wao Francisco de Almeida aliipora Kilwa na kuichoma Mombasa, lakini kufikia 1512 Wareno walikuwa wameshaihama ngome yao ya Kilwa. Waliipata Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba, mwaka 1515, ila Aden iliwashinda mwaka 1513, na kwa hiyo mlango wa Bahari ya Shamu haukuzibwa. Pilipili manga ikaendelea kufika Misri, na katikati ya karne ya 16 wafanyabiashara wa Venice walikuwa wameirudia biashara yao. Nguvu kubwa ya Wareno ilikuwa hati ya kupitia: nahodha ailipie, la sivyo chombo kikamatwe. Wengi walilipa, wakaendelea na shughuli zao. Wengine walipita pembeni. Nchi yenye watu wapatao milioni moja tu isingeweza kuweka manowari kila mlango wa bahari kuanzia Sofala hadi Melaka.

Dhana: Fort Jesus ilikuwa vita vya Waislamu dhidi ya Wakristo

Hapa ndipo masimulizi ya foleni yanapoharibu zaidi. Waomani walishaitwaa Muscat mwaka 1650 chini ya Imamu Sultan bin Saif, na Machi 1696 wakaizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno huko Mombasa. Mzingo ulidumu mpaka Desemba 1698. Waliojazana ndani ya kuta hizo walikuwa Wareno wachache, Wahindi, na Waswahili pamoja na familia zao. Mwaka 1697 tauni iliingia ngomeni. Kufikia mwisho wa Agosti jemadari wa Kireno alikuwa amekufa, na ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, Mwislamu, na jamaa zake 17, pamoja na wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake 50. Watu hao ndio walioishikilia ngome ya mfalme wa Ureno mpaka msaada ulipofika Septemba.

Inaniuma kwamba wanawake hao 50 hawatajwi popote mtoto anapofundishwa habari za Fort Jesus. Bwana Daud naye hutajwa kwa nadra, labda kwa kuwa haingii katika upande wowote wa hadithi iliyozoeleka. Faza ilikuwa na hesabu zake dhidi ya majirani zake, na Mreno alikuwa mshirika wa kufaa, kama alivyokuwa kwa Malindi karne mbili kabla.

Meli Santo António de Tanná, iliyoletwa kuokoa ngome, ilizama mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichunguza kuanzia 1977, na vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika jumba la makumbusho la ngome hiyohiyo. Siku chache baada ya ngome kuanguka, meli nyingine za Kireno zilifika, zikaiona bendera ya Oman, zikageuka.

Wala Wareno hawakuondoka moja kwa moja. Walirudi Mombasa mwaka 1728 kwa sababu Waomani walikuwa wamegombana wao kwa wao. Mwaka uliofuata wenyeji wenyewe waliwatoa.

Dhana: mizinga ya Waingereza mwaka 1896 ndiyo iliyoiua dola ya Zanzibar

Vita vile vya chini ya saa moja, vilivyoizamisha meli Glasgow ya Sultani, vilikuta dola imeshapungua nguvu. Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyetuma meli yake Sultanah hadi New York mwaka 1840, alifariki baharini Oktoba 1856. Wanawe wakagombea urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua Zanzibar na Muscat zitengane, Zanzibar ikilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Tayari forodha ya Unguja ilikuwa imekodishwa kwa matajiri wa Kihindi, ambao ndio waliomkopesha Sultani. Utajiri wa karafuu nao ulisimama juu ya jasho la watumwa, na soko lao likafungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo, Aprili 1872, kimbunga kiliivunja mikarafuu ya Unguja na vyombo vya Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo. Mwaka huohuo meli za moshi za kampuni ya Kiingereza zilianza safari za kawaida Zanzibar, baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869.

Dhana: meli za moshi zilimaliza majahazi

Dola ziliondoka, majahazi yakabaki. Kila kaskazi yalishuka kutoka Sur ya Oman na Kuwait na tende na samaki wakavu, yakapanda na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Biashara hiyo ilipungua sana kufikia miaka ya 1960 na 1970, pesa za mafuta zilipoleta saruji na nondo huko Ghuba.