Kizingiti cha utofauti, na masikio "makali" ya ndege

Yakitajwa masikio ya ndege, hakosi mtu wa kusema kwamba kizingiti chao ni kidogo, kwa hiyo wanasikia kuliko sisi. Kizingiti cha utofauti ni badiliko dogo kabisa la sauti ambalo msikilizaji anaweza kuligundua. Basi. Hakituambii anasikia kuanzia sauti nzito ipi hadi nyembamba ipi.

Rula fupi inaweza kuwa na alama za milimita, na ndefu ikawa na za sentimita tu. Urefu wake ni upana wa usikivu. Alama ndizo kizingiti. Kwa upana, binadamu mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; ikiwa kubwa, sauti ni nyembamba) hadi 20,000, ilhali ndege wengi hawapiti sana 10,000 na husikia vizuri zaidi kati ya 2,000 na 4,000. (Njiwa ana lake: hunasa sauti nzito zilizo chini ya hezi 20.) Kwa alama pia ndege hawatushindi. Sauti ya hezi 1,000 ikipanda kwa hezi 3 hivi, sikio la mtu hugundua; ndege wengi huhitaji kama 10. Haya hupimwa kwa kumfundisha ndege adonoe kitufe pale tu sauti inayojirudia inapobadilika, na akipatia hupewa punje.

Kwenye muda wa sauti tunakaribiana. Irefushwe kwa asilimia 10 hadi 20 ndipo ndege atambue, na mtu hayuko mbali na hapo.

Sasa kinachoniudhi. Ubora wa ndege upo kweli, ila watu wanautafuta pasipo pake. Muda wa sauti nzima ni jambo moja. Vijitetemeko vya haraka vilivyomo ndani yake ni jingine. Mwaka 2002 mtafiti wa usikivu wa ndege Robert Dooling na wenzake walionyesha kwamba kanari na kasuku wadogo wa kufugwa hutofautisha sauti zinazopishana kwa mpangilio wa vijitetemeko hivyo tu, hata vinapojirudia kila milisekunde 1 hivi. Binadamu hupotea vikizidi kasi ya kila milisekunde 3 au 4. Maana yake, wimbo wa ndege una mambo ndani yake ambayo sisi tunayapita tu, hata tukitega sikio vipi.

Jingine ni kidatu, yaani wembamba au unene wa sauti. Mtu akisikia wimbo anaoujua ukiimbwa na mtoto, kisha na mzee wa sauti nzito, kwake ni wimbo uleule, kwa sababu anashika uhusiano wa sauti na sauti. Katika miaka ya 1980, watafiti Stewart Hulse na Jeffrey Cynx waliwafundisha kwezi kutenganisha mifuatano ya sauti inayopanda na inayoshuka. Mifuatano hiyo ilipohamishiwa kwenye vidatu ambavyo kwezi hawakuvizoea, walishindwa, kwa kuwa walikuwa wameshika zaidi sauti zenyewe kuliko mwendo wake. Hilo si usikivu duni wala bora, na kizingiti hakihusiki nalo hata kidogo.

Kwa hiyo anayesema "ndege wana kizingiti kidogo kuliko sisi" hajakosea sana. Aongeze tu "cha vijitetemeko vya ndani ya sauti", na kidatu akiache nje.