Data za vinasaba vya malaria: tupeane mapema, tena zote

Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya vimelea vya malaria. Sampuli hunifikia zikiwa madoa ya damu yaliyokauka kwenye karatasi ya kuchujia, kila karatasi ndani ya kifuko chake, imeandikwa namba badala ya jina la mgonjwa. Doa moja kutoka kidole cha mtoto aliyepimwa zahanati linatosha kutuonyesha kama kimelea kina dalili za usugu wa dawa.

Kwa artemisinin, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa dawa mseto kama ALu (artemether na lumefantrine), tunaangalia zaidi jeni iitwayo kelch13. Uhusiano wake na usugu ulitangazwa mwaka 2014, baada ya utafiti wa vimelea vya Kambodia. Jeni hiyo ina herufi zipatazo 2,180. Ile ya 1,682 ikibadilika kutoka G kuwa A, tunapata kimelea tunachokiita R561H. Mgonjwa akimeza dawa, vimelea vya aina hii huchelewa kuisha kwenye damu. Mara nyingi bado anapona, kwa sababu dawa mwenza, mfano lumefantrine, inamalizia kazi. Hofu yetu ni siku dawa mwenza nayo itakapozidiwa.

Mwaka 2020 watafiti wa Rwanda na wenzao walichapisha kwamba R561H iko kwao. Katika eneo la Masaka ilionekana kwenye 7.4% ya sampuli. Swali la kwanza la kila mtu lilikuwa: imetoka Asia? Lilikuwa swali la haki, maana usugu wa klorokwini ulitujia kutoka huko, na ule wa SP (sulfadoxine-pyrimethamine) kwa sehemu kubwa vilevile. Jibu lilipatikana kwa kulinganisha vinasaba vya vimelea vya Rwanda na vya Asia ya Kusini-Mashariki. Havikuwa ukoo mmoja. Usugu huu ulizaliwa Afrika. Kama nchi za Asia zingefungia data zao, leo pengine tungekuwa tunakagua wasafiri wa viwanja vya ndege badala ya kuangalia namna dawa zinavyotumika kwetu wenyewe.

Lakini sampuli zile za Rwanda zilikusanywa kati ya 2013 na 2015. Simlaumu mtu: kuchakata, kuhakiki na kupitia mikono ya wahariri huchukua muda. Hata hivyo, ng'ambo ya mto Kagera ni Karagwe, na watu huvuka kila siku kwenda kulima, kuuza na kusalimia ndugu. Sampuli za mwaka 2021 zilipochunguzwa upande wa Tanzania, R561H ilikutwa mkoani Kagera, na Karagwe ilizidi moja kati ya tano. Ukoo wake ulifanana na ule wa Rwanda. Sisemi taarifa ya mapema ingeizuia. Ninachosema ni kwamba tungejua mapema pa kutupia macho.

Jambo linaloniumiza zaidi ni data nusunusu. Mtu anaweka kwenye kanzidata vimelea vyenye badiliko tu, vile vya kawaida anaviacha kwa kuona havina habari. Ndivyo vyenye habari! Sampuli tatu zenye usugu kati ya tano na tatu kati ya mia tatu ni hali mbili tofauti kabisa. Chukua vipimo vya haraka: vingi hutafuta protini ya HRP2, na vimelea vilivyopoteza jeni yake havionekani. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo mwaka 2016. WHO inashauri nchi ibadilishe pale wanaokosa kugundulika kwa sababu hiyo wanapozidi 5%. Asilimia hiyo utaipigaje bila kujua jumla?

Ambatanisha pia mwezi, mwaka na wilaya. Kijiji ukiache, hasa penye wagonjwa wachache wanaoweza kutambulika. DNA ya binadamu huingia pamoja na ya kimelea kwenye doa lilelile, kwa hiyo iondolewe kabla faili halijatoka.

Wapo wenzangu wanaosita kwa kuogopa kwamba sampuli zetu zitaandikiwa makala na watu wa mbali, sisi tukibaki wakusanyaji. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuchambua hapahapa. MalariaGEN, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa vinasaba vya malaria, ulipotoa mkusanyo wake wa Pf7 mwaka 2023, ulikuwa na sampuli 20,864 kutoka nchi 33. Wataalamu wetu wawe na uwezo wa kuufungua, kuusoma na kuuhoji, wasiishie kuchangia tu.

Utaratibu ninaoutetea ni huu: matokeo yaliyohakikiwa yafike kwanza kwa mpango wa taifa wa malaria na kwa mganga mkuu wa wilaya husika, kwa lugha anayoielewa, na nakala iende kwa majirani wa Rwanda, Uganda na Burundi wiki hiyohiyo. Makala ya jarida itafuata. Mtafiti hapotezi jina lake kwa kutoa namba ya wilaya mapema, na majarida mengi makubwa ya tiba hayamkatalii makala aliyetoa taarifa za dharura za afya ya jamii kabla ya kuchapisha.