Mbona zimamoto wanasimama mbali? Maswali ya watu wa Malindi kuhusu ajali za kemikali

Kila nikikaa na akina mama au vijana wa bodaboda hapa Malindi kuzungumzia petroli, klorini na dawa za shambani, naulizwa maswali yale yale. Nimeyaandika pamoja na majibu yake.

Lori la mafuta limepinduka barabara ya Mombasa. Zimamoto wamefika, lakini wamesimama mbali wanatazama kwa darubini. Wanaogopa?

La. Hapo kazi imeshaanza. Lori la mzigo wa hatari huwekwa bango lenye namba ya tarakimu nne, na namba hiyo ndiyo jina la mzigo duniani kote: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1075 gesi ya kupikia, 1017 klorini. Ofisa anaisoma kwa darubini kisha anafungua kitabu cha mwongozo. Kitabu kinachotumika Marekani, Kanada na Meksiko kinataka watu wakae angalau mita 50 kila upande petroli ikimwagika, na mita 800 tangi likishika moto. Tangi la gesi ya kupikia likiwaka, ni mita 1,600.

Jambo la pili analotazama ni upepo, na hili watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Nahodha anajua joshi ni upande upepo unakotoka na demani ni upande unakokwenda. Gari la zimamoto hutakiwa kuingia kwa joshi. Miezi ya kusi, mvuke wa lori lililoanguka kusini mwa mji unasukumwa kuja mjini. Kaskazi ikivuma, unatupa mgongo. Kwa hiyo hata wewe, kabla hujakimbia, tazama minazi inainama wapi. Kimbia kuelekea joshi, au kata upepo kwa ubavu. Usikimbie pamoja na upepo, maana gesi nayo inakwenda huko huko.

Mafuta hayajawaka, yanamwagika tu. Ubaya uko wapi tukichota kidogo?

Ubaya uko hapo hapo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini, unaingia mtaroni, unafika kwenye jiko la mama wa mahamri ambaye hata lori hakuliona. Moto ukiupata, unarudi nyuma hadi kwenye tangi kwa kufumba na kufumbua. Malori ya mafuta yalipowaka Sachangwan karibu na Molo, Januari 2009, na Msamvu kule Morogoro, Agosti 2019, waliokufa walipita 100 kila mahali, na wengi walikuwa na madumu mikononi. Naomba sana, vijana wangu wa bodaboda: hakuna lita inayostahili ngozi yako.

Wala msiwalaumu zimamoto wasipomwaga maji. Petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka huku ikisambaa. Wanachohitaji ni povu la kuifunika, na mchanga wa kuzuia isifike mtaroni na baharini.

Wanajiandaaje kabla ajali haijatokea?

Kikosi kilichojiandaa vizuri kinajua mji wake nyumba kwa nyumba: vituo vya mafuta, maduka ya mitungi ya gesi, mitambo ya maji, maghala ya dawa za kilimo, mitambo ya barafu ya samaki inayotumia amonia. Kwa kila mahali wanaandika kilichopo, kiasi gani, mlango uko wapi na ufunguo anao nani. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kemikali awe na karatasi ya maelezo ya usalama wa kemikali hiyo. Karatasi hiyo isifungiwe kabatini; zimamoto waione mapema.

Kisha mavazi. Lile koti zito unaloliona ni la moto, si la kemikali. Gesi na asidi hupenya. Kemikali kali huhitaji vazi la kufunika mwili mzima, na mtungi wa hewa mgongoni. Mtungi unaoitwa wa dakika 30 huisha mapema zaidi mtu akifanya kazi nzito, na ndani ya muda huo lazima aingie, atoke na aoshwe. Ndiyo maana mazoezi hurudiwa mara nyingi. Kwa katiba ya 2010 huduma ya zimamoto iko chini ya kaunti, basi vifaa hivi tuviulize wakati wa vikao vya bajeti.

Hapa kwetu, ni kemikali gani unayoihofia zaidi?

Klorini ya mabwawa ya kuogelea. Hoteli na nyumba za wageni ni nyingi, na kwenye chumba cha pampu utaikuta ndoo ya klorini ya unga imewekwa ubavuni mwa dumu la asidi, pengine na kikombe kimoja cha kupimia vyote viwili. Kikombe kikiwa na mabaki ya asidi kikazamishwa kwenye unga, inatoka gesi ya manjano inayoelekea kijani, ya kuchoma macho na kubana koo. Ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu hivi, kwa hiyo inajaa chini, pale pale mtu alipoangukia. Mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Usiingie. Toka, paza sauti, waite wenye mitungi ya hewa. Nyumbani pia, Jik na dawa ya choo yenye asidi visichanganywe.

Je, nikijifunika leso mbichi puani?

Haitazuia gesi. Ifanye ikusaidie kukimbia tu, isikutie moyo wa kukaa.

Kemikali imenimwagikia. Kweli nivue nguo mbele za watu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa heshima yake yote. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya kemikali, wataalamu hukadiria asilimia 80 hadi 90. Buibui lililolowa petroli linaendelea kuichoma ngozi kila dakika linapokaa. Lisivuliwe kwa kupitishwa kichwani, likatwe kwa mkasi, litiwe kwenye mfuko na kufungwa. Kisha maji mengi. Macho yaoshwe dakika 15 au zaidi.

Lakini mwanamke hatavua hadharani, na kumkaripia hakusaidii. Kwa hiyo maandalizi ya Malindi lazima yawe na pazia, wahudumu wa kike, na leso safi za kujisitiri. Hivi si vya ziada, ni vifaa vya kuokoa maisha sawa na mpira wa maji. Majirani nanyi mnaweza: wanawake wanne na shuka mbili wanatengeneza chumba.

Nipige namba gani?

999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199. Sema mahali, namba ya bango kama inasomeka kutoka mbali, na upepo unaelekea wapi.

Aliyevuta klorini ametoka, amekunywa maji, anasema yuko sawa. Aende nyumbani?

Hapana. Mapafu yanaweza kuanza kujaa maji baada ya saa kadhaa, wakati kila mtu ameshalala. Apelekwe hospitali aangaliwe, asitembee kwa miguu wala kubeba mzigo, na anayemsindikiza apige picha ya lebo ya ndoo ile, ikiwa tu inaweza kupigwa bila kurudi kwenye gesi.