Nini maana ya hatia isiyo salama?

Kesi ya mauaji ikishavuma, watu hugawanyika mara moja: hawa wanasema kaua, wale wanasema kaonewa. Mahakama ya rufaa ya Uingereza haiko upande wowote kati ya hizo mbili. Swali lake ni jingine: je, hatia hii ni salama?

Kwanza tutenganishe maneno, maana wengi huyachanganya. Kutiwa hatiani ni mahakama kutamka kwamba kosa ulilitenda. Adhabu inafuata baadaye. Anayelalamika kwamba kifungo ni kirefu mno hajaigusa hatia. Hatia isiyo salama ni ile iliyoegemea ushahidi mbovu, au iliyofikiwa huku jambo zito limefichwa, kiasi kwamba hatuwezi kuwa na hakika kama waamuzi wangeamua vilevile. Mfungwa anaweza kuwa muuaji kweli, anaweza asiwe. Kinachokaguliwa ni njia iliyotumika kumfikia.

Kesi ya Sally Clark inalionyesha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Alikuwa mwanasheria Uingereza. Mwanawe wa kwanza alifariki ghafla Desemba 1996, wa pili Januari 1998, wote wakiwa na umri wa wiki chache tu. Mwaka 1999 akatiwa hatiani kwa kuwaua. Daktari bingwa wa watoto aliiambia mahakama kwamba katika familia yenye kipato, isiyovuta sigara, ambayo mama amevuka miaka 26, uwezekano wa mtoto kufa ghafla bila sababu kujulikana ni 1 kati ya 8,543. Je, watoto wawili? Ukizidisha 8,543 kwa 8,543 unapata 72,982,849. Magazeti yakaikamata hiyo: moja kati ya milioni 73!

Hesabu ya kuzidisha ni sahihi. Tatizo ni kuzidisha kwenyewe. Unazidisha hivyo pale tu ambapo tukio la kwanza halina uhusiano wowote na la pili, kama kurusha sarafu mara mbili. Watoto hawa walikuwa ndugu: damu moja, nyumba moja. Kama kuna udhaifu wa kurithi uliomchukua wa kwanza, wa pili naye yuko hatarini zaidi.

Kosa la pili limejificha zaidi, nami nadhani ndilo lililoumiza. Msikilizaji akisikia milioni 73, anatafsiri kwamba uwezekano wa mama huyu kuwa hana kosa ni mmoja kati ya milioni 73. Sivyo. Mama kuua wanawe wawili, mmoja baada ya mwingine, nako ni nadra mno. Watoto wameshakufa; kazi iliyobaki ni kulinganisha maelezo mawili yaliyo nadra, si kulipima moja na kulisahau la pili. Kosa hili la kufikiri huitwa kosa la mwendesha mashtaka, ingawa hata mawakili wa utetezi hunaswa nalo.

Rufaa yake ya kwanza, mwaka 2000, ilishindwa. Baadaye ikagundulika kwamba majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria katika mwili wa mtoto wa pili hayakuwahi kukabidhiwa kwa upande wa utetezi. Januari 2003 hatia ikafutwa. Angalia kilichofuta: majibu yaliyofichwa kwanza, na takwimu ile ikakosolewa vikali. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha watoto walikufa kwa nini.

Umaarufu wa kesi una madhara yake hapa. Hauongezi ushahidi hata chembe, lakini huongeza uhakika wa watu. Lindy Chamberlain alipopoteza mtoto wake mchanga karibu na mwamba wa Uluru, Australia, Agosti 1980, alisema amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa huko. Watu wakatazama televisheni wakaamua kwamba mama huyu ametulia mno kwa mtu aliyefiwa. Utulivu si ushahidi, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyekwisha amua. Mwaka 1982 akafungwa maisha. Mojawapo ya hoja nzito dhidi yake ilikuwa matone chini ya dashibodi ya gari, yaliyodaiwa kuwa damu ya mtoto mchanga. Baadaye ilibainika ni dawa inayopulizwa kiwandani kupunguza kelele za gari.

Kwa hiyo anayetilia shaka hatia apimwe kwa alichokileta mkononi. "Hana sura ya muuaji" si hoja. "Kipimo hiki hakiwezi kutofautisha damu na rangi" ni hoja. Uingereza ina Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai, iliyoanza kazi 1997, ambayo hurudisha kesi mahakama ya rufaa ikiona kuna uwezekano halisi wa hatia kutosimama. Kwa kawaida inataka kitu kipya, ambacho mahakama haikukisikia.

Kwa Lindy, kitu kipya kilikuja kwa bahati. Tangu mwanzo alisema mtoto alivaa kikoti kidogo cha kufuma, na upande wa mashtaka haukumwamini. Mapema 1986 mtalii alianguka kutoka kwenye mwamba akafa. Waliokuwa wakimtafuta wakakikuta kikoti karibu na mapango ya dingo. Siku chache baadaye mama akatoka gerezani. Hatia ilifutwa 1988, na cheti cha kifo kinachomtaja dingo kikatolewa 2012.